Breki za Taratibu

Kama kuna mtu aliyesifiwa kwa kazi isiyo yake, basi ni yule dereva wa pikapu aliyeitwa Taratibu. Sisemi alikuwa mtu mbaya, la hasha. Sifa zake zilikuwa za kweli, kila mtu alizishuhudia kwa macho yake. Tatizo ni kwamba zilikuwa sifa za kutu.

Mji mzima ulimjua. Mwenye duka la vioo hakuthubutu kumpa mtu mwingine mzigo wake. Wauza mayai, wenye makabati ya vyombo, wagonjwa wa mgongo, vikongwe waliokwisha kuapa kwamba gari hawapandi tena hadi siku ya jeneza, wote walimpigia simu yeye. Pikapu yake kuukuu, ambayo rangi yake ya bluu ilibaki mlangoni tu, ilikuja barabarani kwa mwendo uliowapa mbuzi wa njiani nafasi ya kushauriana kabla ya kuvuka. Aliona njia panda ingali mbali, akaanza kupunguza. Aliona mtoto kashika mpira kibarazani, akaanza kupunguza. Gari la mbele aliliachia nafasi kubwa hata magari mengine yakajipenyeza hapo katikati, na hayo nayo akayaachia nafasi yao. Honi hakupiga. Tusi hakujibu. Madereva waliompita wakimrushia maneno aliwainulia mkono kama mtu anayeitikia salamu.

Mwalimu wa udereva alikuwa akisimama pembeni na wanafunzi wake, anawaonyesha kwa kidole. "Mtazameni yule mzee. Nyie mnadhani kuendesha ni kukanyaga mafuta. Yule ana subira." Na wanafunzi walitikisa vichwa, masikini, wasijue wanafundishwa nini.

Siri ya mtungi muulize kata. Pikapu ile haikuwa na breki.

Haya, tuseme ilikuwa nazo kwa jina. Chini ya gari lolote, kutoka mbele penye injini hadi magurudumu ya nyuma, hupita mabomba membamba ya chuma yenye mafuta ya breki. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukumwa, gurudumu linabanwa, gari linasimama. Hivyo ndivyo ilivyo kwa magari ya watu. Mabomba ya Taratibu yalikuwa yameliwa na kutu, mafuta yakitoka njiani kama jasho, na ile mipira mifupi inayomalizia safari kwenye magurudumu ilikuwa imepasuka kama visigino. Kwa hiyo akikanyaga mara ya kwanza pedali ilizama mpaka chini bila kusema kitu. Ya pili iligusa kidogo. Ya tatu, kama Mungu amependa, gari lilianza kufikiria habari ya kusimama. Kilichobaki alikimaliza kwa gia, au kwa tuta, au kwa dua. Chini ya kiti aliweka chupa ya mafuta ya breki, na kila asubuhi alifunua boneti akamiminia, akijifanya anakagua maji.

Sasa mtu wa namna hiyo akienda taratibu, kuna ajabu gani? Hata wewe ungekwenda taratibu. Hata mwizi angeiiba pikapu ile angekwenda taratibu.

Na usidhani alizaliwa na upole. Ujanani aliitwa Petroli. Aliendesha magari ya matajiri, akagonga lango la tajiri wa kwanza, ukuta wa tajiri wa pili, na tajiri wa tatu akamgonga mwenyewe, ingawa kwa haki lazima tuseme huyo aliguswa tu. Nyumbani chai ikichelewa, kikombe kiliruka. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alimvumilia kwa sababu alikwisha kumpenda, na mtu akishapenda utamwambia nini? Kisha Petroli akanunua pikapu hii kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Yule mtu, kwa uaminifu wake, alimwambia, "Breki ziangalie." Akajibu ataziangalia wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja ikapita, ikaja nyingine.

Mzigo wake wa kwanza ulikuwa kioo kikubwa cha saluni. Njiani ndipo alipogundua maana ya maneno yale. Alikwenda na kioo hicho kwa woga, gia ya kwanza mwanzo mwisho, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Alipokifikisha, mwenye saluni alikizunguka, akatafuta ufa, hakuuona, nusura amkumbatie. "Kaka, wewe si dereva," akasema. "Wewe ni mkunga." Akamtangaza kwa wateja, wateja wakamtangaza kwa waume zao, na kabla ya msimu kugeuka, Petroli alikwisha kusahaulika.

Woga ukikaa nao muda mrefu unageuka tabia. Mtu anayelazimika kuwaza kusimama kabla hajaona sababu ya kusimama, hujikuta anawaza kabla ya kusema pia. Chai ikichelewa, alisubiri. Watoto wakivunja sahani, aliuliza kama kuna aliyejikata. Mkewe akaanza kumtazama upya. Siku moja, mguu ukiwa kwenye cherehani na pini mdomoni, alimwambia jirani, "Mwenzangu, mimi nimeolewa mara mbili, na mume ni yule yule." Taratibu aliyasikia hayo akiwa uani. Alifurahi siku nzima, na siku nzima alijisikia mwizi.

Maana sasa angezitengenezaje? Akipeleka gari kwa fundi, fundi atajua. Fundi akijua, mji umejua. Mji ukijua, mkewe amejua, na hilo ndilo pekee aliloliogopa duniani. Mkewe ndiye aliyekaa kiti cha mbele kila walipotoka, kwenda kununua vitambaa, kwenda kumwona mama yake. Alikaa na mkoba mapajani, hashiki popote, na mara nyingi usingizi ulimchukua kabla hawajafika barabara kubwa. Ule mguu wa mumewe uliokuwa ukikanyagakanyaga alikuwa ameuona, lakini alidhani gari nalo, kama cherehani yake, ndivyo linavyotaka.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka binti yao mkubwa aliposhika mimba ya kwanza. Binti huyu alikuwa ameolewa na kijana anayesimika minara ya simu, leo huku kesho kule, nao walipanga nyumba juu kabisa ya kilima kinachoutazama mji. Barabara ya kule inashuka kwa kona kali, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa. Siku binti alipokuja kuwatembelea, tumbo limetangulia, mama yake akatoa hukumu mezani.

"Siku ikifika, hakuna cha teksi wala pikipiki. Baba yako atakufuata. Mimi mwanangu simpi dereva mwingine."

"Lakini mama watoto, ile barabara..." Taratibu akaanza.

"Ndiyo maana! Ile barabara inamtaka mtu kama wewe."

Binti akatabasamu. Taratibu akaweka kijiko chini. Kilima kile alikuwa hajawahi kukishuka na mzigo. Kila alipoitwa kule alidai kamba zake zimekatika, mpaka watu wakamwonea huruma wakamletea kamba. Alikuwa amebeba vikongwe wa watu, wagonjwa wa watu na mayai ya watu, na moyo wake ulikuwa tuli. Lakini mwanawe mwenyewe! Na kilichomo tumboni mwa mwanawe! Pale pale mezani ndipo alipogundua kwamba lile gari ni la hatari.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho yake akamuaga mkewe kwamba ana safari ya mbali, akaenda gereji ya upande wa pili wa mji, nyuma ya kiwanda cha magodoro, mahali alipoamini hajulikani.

"Eee! Taratibu mwenyewe!" fundi akapaza sauti kabla hata pikapu haijasimama, jambo ambalo, kama tujuavyo, lilichukua muda. Alikuwa jibaba la mtu, tumbo limejaa grisi, na mdomo haukujua kupumzika. "Leo gereji yangu imebarikiwa! Tubadilishe nini, mzee wangu? Oili?"

"Breki," Taratibu akasema, kwa sauti ya mtu anayenunua dawa ya upele.

"Breki? Wewe? Breki zako si bado zimo kwenye karatasi ya dukani? Huzitumii!"

"Zitazame tu."

Fundi akaingia chini ya gari akiendelea kuongea. Mara maneno yakakatika. Alikuwa amekwangua bomba kwa ukucha, ukucha tu, na bomba likamvunjikia mkononi, tone la mafuta likamwangukia kwenye paji. Alitoka chini pole pole, akakaa juu ya tairi.

"Mzee."

"Naam."

"Hili bomba lilikuwa limeshikiliwa na matope."

"Ndiyo."

"Mama yangu mzazi ulimpeleka kliniki ya macho na gari hili."

Taratibu akatazama viatu vyake. "Si alifika salama?"

"Alifika salama!" Fundi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Alirudi hapa ananiambia, mwanangu, ungeendesha kama yule baba ningekufa na amani. Mimi nimetukanwa na mama yangu kwa ajili yako!" Kisha kicheko kikampata, akacheka mpaka tairi likamponyoka akaketi chini.

"Usimwambie mtu," Taratibu akasema.

"Nimwambie nani? Nikisema Taratibu hana breki nitapigwa mawe. Watasema nina wivu."

Kazi ikaanza. Fundi aling'oa mabomba yote, na hakuna hata moja lililotoka likiwa zima. Akakata mapya, akayapinda kwa kuyazungushia kopo la rangi ili yasikunjike vibaya, akapanua midomo yake ili nati zishike vizuri, akayapitisha njia ile ile ya zamani kando ya fremu. Mipira ya magurudumu akaweka mipya. Ikabaki kutoa upepo, kwa maana hewa ikinaswa ndani ya mabomba, pedali hulainika na hakuna breki hapo. Taratibu akakaa nyuma ya usukani, fundi akalala kando ya gurudumu la nyuma, na kimpira chembamba kutoka kwenye gurudumu kikazamishwa ndani ya chupa.

"Kanyaga!" fundi akaita kutoka chini. "Shikilia hapo hapo! Nimesema shikilia, mbona unapampu?"

"Nimezoea."

"Achia. Sasa kanyaga mara moja. Moja, mzee wangu! Kwani unasukuma maji?"

Mapovu yakatoka kwenye chupa, yakapungua, mwishowe yakaja mafuta matupu. Wakarudia gurudumu baada ya gurudumu. Pedali ikapanda juu, ikawa ngumu. Taratibu aliikanyaga, ikakataa kuzama, akaondoa mguu kwa mshtuko kana kwamba amemkanyaga mtu.

"Sasa nisikilize," fundi akasema akifuta mikono. "Gari limepona. Aliyebaki mgonjwa ni mguu wako. Ukanyage mara moja, kwa upole, na usianze kusimama ungali mtaa wa pili. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia wapi! Kwenye kona ya kwanza tu mtu na mkokoteni wake walikatiza mbele, na ule mguu, mtiifu kwa desturi yake, ukateremka kwa nguvu zote. Pikapu ikasimama pale pale. Paji la Taratibu likagonga usukani, na mwenye pikipiki aliyekuwa nyuma akapitia mtaroni. Mtu mwingine yeyote angetukanwa ukoo mzima. Mwenye pikipiki alikuja dirishani na matope magotini, akauliza kwa huruma ya kweli, "Mzee, unaumwa?"

Kesho yake yakafuata mayai. Mama muuza mayai alipofunua turubai akakuta uji mtupu, alimshika Taratibu begani. "Baba, nenda ukapime. Hii si hali yako." Ndivyo walivyosema wote. Wiki ile alivunja vitu kuliko alivyovunja tangu anunue pikapu, na wiki ile watu walimwombea afya kuliko wakati mwingine wowote.

Lakini mguu nao hufundishika, hasa ukifundishwa jambo baya. Pole pole ukazoea kukanyaga mara moja. Hapo Taratibu akaonja raha aliyoisahau tangu ujana: unakwenda, na ukitaka kusimama, unasimama! Kama ni hivyo, kwa nini upunguze mapema? Kwa nini umwachie mtu nafasi, kwani barabara ni ya baba yake? Akaanza kuchomeka pua ya pikapu kwenye kila upenyo. Akaijaribu honi, ambayo ilikuwa imekauka kwa kukaa bure, akaibonyeza mpaka ikakohoa ikapata sauti. Petroli alikuwa amerudi, na hakuishia barabarani. Asubuhi moja chai ilipochelewa alisema, "Kwani hayo majani ndiyo kwanza yanapandwa?"

Mkewe akageuka na birika mkononi. Ile sauti alikuwa anaijua, ila alidhani walikwisha kuizika.

"Una nini siku hizi?"

"Sina kitu."

"Una haraka. Nani anakufukuza?"

"Kazi nyingi tu," akasema, akachukua funguo. Mkewe alibaki amesimama, birika linamchoma kiganja, hana habari.

Simu kutoka kwa binti iliingia asubuhi nyingine, mama mtu akiwa katikati ya kushona kola. Uchungu umeanza. Akaacha cherehani na nguo ndani yake, akabeba beseni na mfuko wa nguo za mtoto, wakapanda kilima. Binti walimkuta mlangoni ameshika fremu. Wakamweka katikati, mama yake akakaa dirishani, wakaanza kushuka.

"Baba, kimbia," binti akasema kwa meno yaliyobanwa.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Taratibu neno hilo, na lilimwingia kama wimbo. Alikimbia. Kona ya kwanza wakalala upande wa mwamba, kona ya pili wakalala upande wa hewa.

"Baba watoto, punguza," mkewe akasema. Kwa mara ya kwanza katika gari lile alikuwa ameshika kitu, dashibodi, kwa mikono miwili.

"Tulia. Najua ninachofanya."

Akalipita gari la maji. Kona iliyofuata, ndiyo hiyo, lori la matofali lilikuwa limekufa katikati ya njia. Dereva wake alikuwa ametandaza matawi barabarani kuwatahadharisha watu, na Taratibu aliyaona matawi yakiwa tayari chini ya magurudumu yake. Akakanyaga. Mara moja. Matairi yakapiga ukelele, mkia wa pikapu ukayumba upande wa hewa ukarudi, wakasimama. Kati ya boneti na yale matofali palibaki upana wa kiganja.

Injini ilikuwa imezimika. Halafu furaha ikampanda Taratibu kichwani, furaha ya kuwa hai, akaupiga usukani kofi.

"Mnaona breki? Mnaziona? Mshukuruni Mungu nimezibadilisha! Zingekuwa zile za siku zote, saa hizi tungekuwa ndani ya matofali!"

Maji yakimwagika hayazoleki.

"Zile za siku zote zipi?" mkewe akauliza.

"Zile... Mabomba yalikuwa na kutu. Kidogo."

"Tangu lini?"

Akatafuta uongo, akaukosa. "Tangu tuinunue."

Mkewe aliutazama mguu wa mumewe, ule uliokuwa ukikanyagakanyaga, na Taratibu akamwona anaelewa, kidogo kidogo, mpaka mwisho. Alifungua mdomo.

"Mama!" binti akalia. "Mtagombana baadaye! Mimi nazaa!"

Mkewe akavuta pumzi. "Washa gari," akasema. "Na uendeshe kama huna breki. Hiyo kazi unaiweza."

Hapo sasa ndipo mtu wetu alipopata taabu. Kwenda pole pole kwa kuogopa kufa ni rahisi, hata mjinga anaweza. Lakini kwenda pole pole huku mguu unajua kabisa kwamba breki zipo, huku binti yako anakwambia kimbia na mkeo amenyamaza, hiyo inataka subira yenyewe, na yeye alitafuta kifua kizima hakuiona hata chembe. Alipunguza kabla ya kona na kila kiungo cha mwili wake kikakasirika. Alimwachia mtu nafasi na akatamani kumng'ata. Ndipo alipojijua: kumbe miaka yote hakuwa na subira hata ya kukopesha.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!" binti akapiga kelele, na kwa upande wake huo ulikuwa ukweli mtupu.

Walifika. Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, ana sauti kubwa. Muuguzi aliyetoka kuwapa habari alimtambua Taratibu akampa mkono. "Kumbe ni wewe uliyemleta! Ndiyo maana mzazi amefika salama salmini." Taratibu akashukuru. Mkewe alikuwa akitazama ukuta.

Walipobaki wawili kwenye benchi la korido, mume akaanza utetezi aliouandaa tangu kwenye matofali.

"Sikuwahi kugonga mtu," akasema. "Kwa breki zile hata yai sikuvunja."

"Najua."

"Na nimezitengeneza, mama watoto. Uliposema mtoto atapanda, sikulaza damu. Kesho yake tu nikaenda."

Alidhani neno hilo ndilo litakalomwokoa. Mkewe alimgeukia.

"Kwa hiyo ulijua kwamba zinaua."

"Nilijua. Ndiyo maana kwa mtoto..."

"Na mimi je?" Hakupaza sauti. "Mimi kiti kile nimekikalia siku zote. Nilikuwa nasinzia pale, baba watoto. Kwingine kote mimi sisinzii, wewe unanijua, hata kwa mama yangu silali mpaka niangalie mlango. Pale nililala kwa sababu ni wewe. Mtoto ulimwonea hatari siku moja. Mimi hukuniona miaka yote."

Taratibu angeweza kusema kwamba alikwenda pole pole kwa ajili yake, lakini ulikuwa uongo, na mkewe sasa alikuwa na masikio mapya. Kwamba alimpenda, hilo halina shaka. Alimpenda kama mtu anavyopenda ukuta wa nyumba yake, haulizi hata siku moja kama unaweza kuanguka. Aibu ikampanda mpaka masikioni, aibu ya kweli, na kwa mara ya kwanza akatamani angegongana na lile lori peke yake.

"Nisamehe," akasema.

"Nitakusamehe," mkewe akasema, akachukua beseni lake. "Ila si leo."

Mzazi na mtoto walikuwa walale hospitali, hivyo jua lilipopungua makali hawa wawili wakatoka. Taratibu akatangulia, akamfungulia mkewe mlango wa mbele, jambo ambalo hakulifanya tangu siku za uchumba. Mkewe akakitazama kiti, sponji yake imebonyea kwa kukaliwa na yeye. Kisha akazunguka nyuma, akakanyaga gurudumu, akajipandisha, akaketi sakafuni kati ya kamba na turubai, beseni mapajani.

"Mama watoto, shuka basi. Watu watasema nini?"

"Endesha."

Watu walisema. Kutoka lango la hospitali mpaka mjini walisimama vibarazani wakawatazama. "Jamani, Taratibu! Hata mkewe anambeba kama kioo!" Mwanamke mmoja akampiga mumewe kiwiko: "Unaona mapenzi hayo? Wewe utanibeba hivyo lini?" Sifa zikazidi kupanda, na yeye ndani ya kile chumba cha mbele, peke yake, akazidi kuzama kwenye kiti.

Kwenye mzunguko mkubwa trafiki akawasimamisha, si kwa kosa lolote, kwa kutaka tu kusalimia. Alichungulia nyuma.

"Mama, vipi huko, na mbele kuna nafasi?"

"Muulize dereva," mkewe akajibu.

Trafiki akaja dirishani anatabasamu. "Mzee, mama anasema nikuulize wewe."

Taratibu akamtazama. Ukweli ulikuwa umefika kooni, umekaa pale, ni mfupi tu, ungetoka kwa pumzi moja. Nyuma yake magari yalikuwa yanangoja, na hakuna aliyepiga honi, kwa heshima yake.

"Anapenda upepo," akasema.

Trafiki akacheka kwa furaha, akawageukia watu wa kando ya barabara. "Wengine wake zao hawakubali hata kukaa mbele! Huyu anaaminiwa mpaka nyuma!" Watu wakacheka naye, mmoja akapiga makofi.

Kutoka nyuma, kiganja kikagonga paa la gari mara mbili, kama wanavyogonga wapagazi mzigo ukishakaa sawa. Taratibu akaingiza gia ya kwanza, akaondoka.